Ulimi Uliokufa Kabla Yako

Shangazi,

Shikamoo yako leo siitoi. Ulinilea wewe, ukanifundisha mwenyewe kwamba asiyeamkia wakubwa hana kwao, na tangu nilipojua kusema sijawahi kukupita bila kukuamkia. Leo nakupita. Nimekaa sebuleni kwangu hapa Kibiti, madaftari ya kidato cha tatu yamenirundikia mezani, nimeyasukuma pembeni, namwandikia mtu ambaye hata alipokuwa hai barua alikuwa akisomewa. Nani atakusomea hii sijui, na sijali. Nina hasira nawe, na nikiimeza nitaugua.

Juzi nimerudi kutoka kwenye arobaini yako. Watu walikuja wengi, hadi wa Kiongoroni walikuja na boti mbili. Hitma ilisomwa vizuri, pilau ikatosha na ikabaki. Kila aliyenishika mkono alinisifia ulimi wako. "Tumepoteza ulimi, Zuhura. Nani atatuonjea maji sasa?" Mimi nikaitikia, nikalia, na moyoni nikajivuna kuwa ni mtoto wako.

Alasiri wageni walikuwa wameshaondoka. Tulikuwa nyuma ya nyumba tunasugua masufuria, mimi na Bi Tatu, jirani yako na rafiki yako tangu mlipokuwa wari. Akaacha kusugua, akakaa chini. Akaniambia, "Zuhura mwanangu, mie haya maneno yananikaba, nisipoyasema nitakufa nayo kama mwenzangu. Shangazi yako alikuwa haonji kitu. Tangu ile homa yake, ulimi ulikufa."

Ile homa ni ya miaka minne iliyopita, iliyokulaza wiki tatu. Misimu minne, Shangazi!

Hebu nikukumbushe kazi yako, maana inaelekea uliisahau. Mashamba yetu ya mpunga yako pale mto unapokutana na bahari. Bahari ikijaa inayasukuma maji ya mto yapande kwenye mifereji yetu. Mto ukiwa na nguvu, yanayopanda ni matamu, na mpunga unakunywa. Mto ukiwa mnyonge, yanayopanda ni ya chumvi, na miche michanga inaungua. Kwa macho huwezi kuyatofautisha, rangi ni moja na tope ni lilelile. Ndiyo maana asubuhi ya kufungua tuta kijiji kizima husimama kimya, na mtu mmoja anashuka mferejini na kata ya kifuu. Anachota, anaonja, anatema. Akisema "Fungueni," Shabani, mshika tuta, anaziondoa mbao zilizoziba tuta na maji yanaingia kwa kila mtu. Akisema "Acheni," watu wanarudi nyumbani kusubiri bamvua jingine, bahari ijae tena. Mtu huyo alikuwa wewe, na kabla yako alikuwa mama yako. Hakuna aliyekulazimisha. Ulikuwa ukiipenda kazi hiyo kuliko ulivyompenda mume wako, mwenyewe ulikuwa ukisema hivyo akiwepo.

Sasa najua mlivyokuwa mkifanya. Bi Tatu anatangulia kushuka kama mtu anayekwenda kunawa uso, anapiga funda moja. Akimeza, maji matamu. Akitema, chumvi. Wewe unamtazama kwa pembe ya jicho, halafu unachota kwa kata yako, unafumba macho kwa madaha, unasema. Misimu mitatu mlifanya hivyo na mpunga ukatoka. Mpaka hapo ningekusamehe, hata kucheka ningecheka. Ulipoteza wako ukaazima wa mwenzio. Lakini msimu uliopita binti wa Bi Tatu alijifungua kwa upasuaji, Bi Tatu akawa huku Kibiti anamuuguza, na wewe ukashuka mferejini peke yako. Ungeweza kusema unaumwa. Ungeweza kumpa kata mwanamke yeyote aliyesimama pale, ukasema leo nataka nione kama mmejifunza. Mdomo wako haukuwahi kukosa neno, siku hiyo ndiyo ulikosa? Ulichota, ukaonja usichokionja, ukasema, "Matamu. Fungueni."

Siku ya tatu miche ilianza kugeuka njano. Siku ya saba ncha zilikuwa zimeungua. Watu walifunga nyumba zao wakaenda Chumbi kulima vibarua kwenye mahindi ya wenzao, watu ambao kila mwaka walikuwa wakiwauzia mchele hao hao wa Chumbi. Uliyaona haya yote. Ulikaa kibarazani kwako ukiwaaga mmoja mmoja.

Nimefika kwenye jambo linalonichoma zaidi, na hapa hasira si yako peke yako.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana kila likizo, tangu niliporudi na falsafa yangu kutoka chuo kikuu. Ulikuwa ukiniita Mwalimu wa Maneno. Nilikwambia wanafalsafa wamegawanyika. Kuna wanaosema mtu huzaliwa hajui kitu, na kila anachokijua kimeingia kwa milango mitano ya fahamu, macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ukasema hao wana akili, sasa wengine wanabishana nini? Nikakwambia wengine wanasema milango hiyo inadanganya, tazama fimbo ikichovywa majini, jicho linaiona imepinda na kumbe imenyooka. Ukacheka mpaka ukajishika mbavu. "Upondo wa mtumbwi tunauchovya kila siku. Jicho likisema umepinda, mkono unasema umenyooka. Hao wazee wako walizaliwa na jicho tu, hawana mikono?" Nilikuwa nimesoma miaka mitatu, na hakuna mhadhiri aliyenijibu vizuri namna hiyo.

Nikakwambia pia habari ya asali. Kwamba asali hiyohiyo ni tamu kwa mzima na chungu kwa mgonjwa, na kwa hiyo wapo wanaosema utamu haumo ndani ya asali, umo kwenye ulimi unaoionja. Ile siku hukucheka. Ulichukua ukindu wako ukasuka mistari miwili mitatu ya mkeka, kisha ukauliza, "Sasa huyo mgonjwa anajuaje kama ni mgonjwa?" Nikakujibu haraka haraka, kama anayejibu mtihani. Anajua kwa kuwauliza wazima.

Ilikuwa mwezi mmoja baada ya homa yako. Nimehesabu, Shangazi. Nilikupa dawa bila kujua kuwa nimeulizwa na mgonjwa, na wewe ukaichukua ukaenda nayo kwa Bi Tatu, ukaitumia kwa siri. Kwa nini kwa siri? Ningekucheka? Ndiyo, ningekucheka kidogo, halafu ningekushika mkono.

Na usidhani nimejisahau. Idi ya mwaka juzi mtu alimimina chumvi kwenye kopo la sukari. Sote tulitema chai, mjomba akakimbilia nje. Wewe ulikunywa kikombe chako mpaka chini, ukaomba kingine. Tukacheka, tukasema Shangazi ana roho ngumu kweli. Niliona kwa macho yangu mawili. Nilisikia kwa masikio yangu ukiomba kikombe cha pili. Mimi, ninayewaambia wanafunzi kwamba jicho huleta tu na akili ndiyo inayopokea, milango yangu yote ilikuwa wazi na ndani hapakuwa na mtu.

Basi miche ikaungua, na kijiji kikakutana kwenye baraza ya madrasa. Mwenyekiti akasema mambo ni mawili. Ama ulimi wa Bi Mwajuma, yaani wewe, umekosea, ama Shabani alichelewa kufungua, maji ya mto yakapita na bahari ikaingia. Mtu mmoja akasema asubuhi ile alimwona Shabani akielekea kwenye migono yake ya samaki. Shabani akasema aliipitia kabla ya Bi Mwajuma hajaonja, baada ya hapo hakuondoka tutani. Maneno yakawa mengi. Ndipo mwenyekiti akanigeukia, maana nilikuwa likizo na nimekaa mbele kama kawaida yangu. Akasema, "Mwalimu, wewe umesomea mambo haya ya kujua. Hebu tuambie."

Nikasimama. Mungu anisamehe, nilisimama kwa furaha. Niliwaambia kuwa ulimi hausemi uongo. Ulimi ni mlango tu, unapokea kilichokuja, kikija kitamu unapokea kitamu. Makosa hayaingii kwenye kuonja, huingia baadaye, kwenye uamuzi na kwenye mkono unaotenda. Ulimi uliopatia miaka thelathini haukosei asubuhi moja. Kwa hiyo kosa litafutwe mkononi. Wazee wakasema, naam, kisomo si mchezo. Hoja yenyewe ni nzuri, nikiipata kwenye karatasi ya mwanafunzi naipa alama. Ilikuwa na tundu moja. Sikuuliza kama mlango upo.

Na wewe ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka nilipokuwa, kanga umejitanda mpaka machoni, unanitazama. Nilidhani unanionea fahari. Neno moja tu lilitosha. Ungesema, "Zuhura, kaa chini." Ningekaa, nilikuwa na desturi ya kukutii. Hukusema. Uliniacha nikamhukumu Shabani kwa ufasaha, mtu mzima mwenye watoto watatu, aliyeshika tuta lile tangu baba yake alipozeeka. Wakamwondoa kazini palepale. Watu wakawa hawamwitikii salamu, mke wake akienda kisimani wenzake wanatawanyika. Kabla mwezi haujaisha walihama.

Kisha ukaugua presha, ukaletwa kwangu, ukakaa wiki nzima kwenye chumba hiki ninachokiona mlango wake nikiandika. Kila nikikuletea supu ulikuwa ukiniuliza, "Imekolea chumvi?" Nami nakujibu, "Onja mwenyewe, si wewe fundi?" Ulitabasamu. Kila siku uliniuliza, Shangazi, kila siku, na kila siku nilikujibu vilevile. Alhamisi ile ulinishika mkono ukasema, "Zuhura, mambo yale ya ulimi uliyosomea..." Halafu ukaomba maji. Nikakuletea. Ukanywa, ukalala, na Ijumaa tulikurudisha nyumbani kukuzika. Mimi nilidhani ulitaka kunisifia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe hata kifo hakikukuumbua, kimemwachia Bi Tatu kazi hiyo.

Kabla sijaondoka kijijini nilimwendea shehe. Sikutaja jina. Nikamuuliza, mtu akijua aibu ya maiti afanye nini? Akanijibu kwa upole kuwa aibu ya maiti hufunikwa, anayeifunika naye Mungu atamfunika. Nikauliza, na kama chini ya hilo shuka amelala mtu mwingine aliye hai? Akanitazama sana. Akasema, "Hapo sasa, mwanangu, mtafute huyo aliye hai kwanza."

Sikulazimika kumtafuta. Niliposhuka Nyamisati, wachukuzi walikuja kupokea mizigo botini, na aliyeshika begi langu alikuwa Shabani. Amekonda. Bega la kulia limeota sugu kwa kubeba boriti za mikoko. Alinitambua, akataka kulirudisha begi, kisha akainamisha kichwa akaniambia, "Shikamoo, Mwalimu." Shabani! Amenizidi miaka kumi, mimi nikiwa mtoto alikuwa akinibeba begani nisitumbukie kwenye tope. Marahaba sikuitoa. Nikamvuta pembeni ya magunia ya mkaa, nikamwambia yote, ulimi, Bi Tatu, kila kitu. Nikamwomba msamaha nikiwa nimesimama, kisha nikaona haitoshi nikachuchumaa.

Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alilitua begi langu chini, akasema, "Mie nilionja, Mwalimu."

Sikuelewa.

"Asubuhi ile, kabla sijatoa mbao. Nilichota kwa kiganja. Chumvi ilinikaa hapa." Akashika koo. "Nikajiambia, Bi Mwajuma kasema matamu, basi ulimi wangu ndo mbovu. Nikafungua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema pale barazani. Akanijibu bila ukali hata kidogo, na ndiyo maana siwezi kulala: "Ningesema nini, na wewe ulishasema?"

Unasikia, Shangazi? Ulimi uliofanya kazi ulikuwepo tutani siku ile. Ulionja, ukajua. Ulimi wako uliokufa ukaufunga mdomo, na ulimi wangu wenye maneno ukauzika. Nimerudi hapa nimevipekua vitabu vyangu vyote. Wameandika sana habari za jicho linalopumbazwa na ulimi wa mgonjwa, wanajenga na kubomoa, mmoja anasema akili ndiyo inayopika na fahamu ni kuni tu, mwingine anasema bila kuni hakuna chungu kinachochemka. Sijaona ukurasa unaomhusu mtu mzima mwenye ulimi mzima anayekubali kuwa chumvi aliyoionja haipo, kwa sababu aliyesema haipo ni mtu wa heshima. Nimevifunga. Nina hasira navyo pia, ila vyenyewe havikunilea.

Bi Tatu amenipigia simu mara nne. Analia, anasema nisiseme, watu watakutukana kaburini, na yeye ataangalia wapi. Nimemwambia aangalie mbele. Mpunga wa mwaka huu umeshachipua na kijiji hakina muonjaji. Wameniletea kata yako. Wanasema nimezaliwa kwenye kazi hii na tena nimeisomea, basi nani mwingine? Iko hapa karibu na madaftari, mpini umelika pale kidole gumba chako kilipokuwa kikikaa. Nimejaza maji ya bomba nikatia chumvi kidogo, nikaonja. Nimeisikia. Kwa leo ninaisikia.

Bamvua ni Jumapili. Hii ndiyo ahadi yangu, na usinijie ndotoni kunizuia. Jumamosi nitapita Nyamisati kumchukua Shabani. Nilipomwomba alikataa mara mbili, mara ya tatu aliniambia atakuja, lakini atasimama nyuma. Atasimama mbele. Kabla mtu yeyote hajashuka mferejini nitapanda juu ya tuta, nitasema kuwa ulimi wa Shangazi yangu ulikufa miaka minne iliyopita naye akaficha, na mimi nikautetea mbele ya watu wote bila kuujua, na Shabani hakuchelewa. Nitayasema kwa maneno machache, wewe ndiye uliyekuwa ukiniambia nina maneno mengi. Kisha kata nitampa Shabani kwanza, baada yake Bi Tatu, mimi mwisho. Kila mmoja ataonja na kusema alichokionja, na wawili wakisema chumvi mbao hazitoki, hata kama anayesema matamu ni mimi. Na siku ulimi wangu utakapokufa nitasema siku hiyohiyo, nikiwa hai, kwa mdomo wangu.

Watakutukana, Shangazi. Wapo watakaoacha kukutaja kwenye dua zao. Mimi nitakusomea Yasini kila Ijumaa kama nilivyoanza, hasira iwepo isiwepo, na hasira ipo. Siwezi kukufunika na kumfunua Shabani kwa wakati mmoja. Shuka ni moja, na wewe baridi huisikii tena.

Kwaheri. Jumapili nakwenda kukuvunjia heshima mbele ya kijiji chako chote, na baada ya hapo sijui kama nitakuwa na uso wa kusimama kaburini na kukuamkia. Basi ipokee leo, kabla.

Shikamoo, Shangazi.

Zuhura